Picha Tuliyowapa Wafadhili

Junda, Kisauni
9 Oktoba 2025

Kwako mdogo wangu Sarah,

Pokea salamu zangu, na za mama huko Kaloleni, na za majirani wote wa mlango huu ambao kila wakiniona huniuliza unarudi lini. U hali gani na kazi? Mgongo umepoa, au bado unapanda ngazi na ndoo mbili kama ulivyonieleza? Natumai tajiri wako ametimiza ahadi yake ya kukupumzisha Ijumaa. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua akikaa sana kanisani, lakini ukimwambia apunguze kanisa anakununia wiki nzima. Mweri wako ni mzima na anakula vizuri. Gauni la njano ulilomtumia Krismasi limeanza kumbana kwapani, kwa hivyo ukija lete kubwa zaidi.

Najua utashangaa kupata barua wakati tuna simu. Rispa wa nyumba ya nyuma anarudi huko Doha Jumamosi baada ya likizo yake, na nimemwomba akupe hii mkononi. Kwa simu mimi nikishaisikia sauti yako huanza kukueleza habari za mvua na bei ya nyanya, na neno nililolikusudia nalimeza. Nimelimeza Ijumaa nne sasa. Karatasi haitanikatiza.

Nianze na chumba chetu cha Pumzika Mama. Ulipoondoka miaka minne iliyopita kilikuwa na watoto watano, Mweri akiwa wa tano. Sasa ni kumi na wanne, wote viungo haviwatii na ni wa kubebwa, wengine hawasemi, wengine wanasema ila ni mama zao tu wanaowaelewa. Wanaletwa asubuhi, na mama zao wanakwenda kufua nguo za watu Nyali, au kuuza samaki, au kusimama mlango wa kiwanda kungoja kibarua. Kila siku wawili wetu wanabaki kuwalisha na kuwageuza. Bila kile chumba mama angebaki ndani na mtoto wake, wakaangaliana mpaka jua likazama bila kitu jikoni. Unayajua hayo, wewe mwenyewe usingepata njia ya kwenda huko Arabuni.

Basi mwezi wa kwanza mzee Kahindi, mwenye nyumba, alikuja akakaa kwenye kibaraza akasema ana jambo zito. Wanawe wanataka vyumba vile viwe maduka. Yeye anatuhurumia, akasema, na amewaomba watusubiri, lakini wanawe wamekubali kwa sharti moja: kufikia mwisho wa Novemba tulipe kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, la sivyo tuhame. Hakutuonea, na alisema huku anatazama viatu vyake. Tumetafuta kwingine, na kila mwenye nyumba akisikia ni watoto wa aina gani anakumbuka kwamba chumba kimeshachukuliwa.

Ndipo mzigo ukaniangukia mimi, katibu. Na ukatibu wenyewe nilipewa kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka, hakuna jingine. Sarah, nimejaza fomu za wafadhili mpaka zinanijia ndotoni. Kuna shirika linalotaka hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa na mkaguzi mwenye leseni, na mkaguzi anataka malipo ambayo ndiyo hasa tunayoyaomba. Lingine linafadhili vijana peke yao, na Roseline, mwenyekiti wetu, akaniuliza kama hawezi kuandikwa kijana wa moyo. Kuna linalosema vikundi vidogo vinakaribishwa kwa mikono miwili, kisha linauliza tumejipangaje kwa miaka mitano ijayo, na mimi sijui Alhamisi nitapika nini. Majibu yakija huanza na neno tunasikitika. Mara nyingi hayaji. Kefa, yule kijana kutoka bara mwenye saiba ya kompyuta na intaneti karibu na kanisa letu, ananiachia mashine bure wakati hana wateja, na huwa ananisomea masharti kwa sauti huku mimi nimeegemeza kichwa ukutani.

Mara moja tu tulifikia hatua ya kutembelewa. Ilikuwa mwezi wa tatu, mabwana wawili wenye ofisi Nyali, waliotaka kuona mahali penyewe kabla ya kuamua. Ungekuwapo ungefanya vilevile tulivyofanya. Mgeni anakuja, utamkaribisha kwenye mkeka uliotoboka? Tulipaka ukuta chokaa. Mzee Kahindi akatuazima zulia lake. Viti tulitoa kanisani, na vitambaa vyake vyeupe vya harusi. Mwanatatu, mweka hazina wetu, akapika biriani ya kuku kwenye sufuria kubwa ya shangazi yake na kupakua kwenye sahani za maua, na sote tukavaa leso za sare. Watoto tuliwaogesha tukawapaka mafuta wakang'aa. Mweri alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu ulichomnunulia, utepe kichwani, akawachekea wale mabwana mpaka mmoja wao akamshika mkono. Walikula, wakaongezwa, wakashukuru sana.

Baada ya wiki mbili wakaandika kwamba kikundi chetu kimeonekana kina uwezo wake, na kwamba wao wameona bora msaada uwaendee wenye shida zaidi. Roseline alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia hapo hapo chini. Mwanatatu alisema kwamba wallahi hata angejua mapema, yeye hampi mgeni uji. Nami nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye, lakini siku ile kitu ndani yangu kiliteguka.

Sasa habari njema, kwa sababu ipo. Safari hii tumepata. Kuna mfuko mmoja wa Nairobi ambao Kefa aliuona mwezi wa sita, tukaomba, na mwezi wa nane dada mmoja wa ofisini mwao, jina lake Lavender, akanipigia simu mwenyewe. Alisema maombi yetu yaliwaliza wenzake mezani. Tumeahidiwa pesa za kutosha kodi ya miaka miwili na magodoro mapya. Akina mama walipiga vigelegele mpaka watu wakadhani kuna aliyejifungua. Mimi niliwaambia nina kichwa kinauma, nikaenda kulala, na kweli kilikuwa kinauma.

Hapa ndipo pa kulisema lile neno. Kaa chini unaposoma.

Fomu ya mfuko ule haikutaka hesabu wala mkaguzi. Ilitaka hadithi ya mtoto mmoja, na picha yake. Niliandika habari za Mweri kama zilivyo: mama yake yuko ng'ambo, anafanya kazi, anatuma matumizi na dawa kila mwezi, anampigia kila Ijumaa. Kefa akaisoma akaniambia kwa upole, maana yeye si mtu mbaya, kwamba stori yangu haiumi. Alisema hawa watu wanasoma mamia ya fomu kwa siku, na mtoto mwenye kiti kizuri na mama anayempigia simu hatamsimamisha yeyote. Akanikumbusha biriani. Nikakaa pale na fomu mbele yangu nikahesabu siku zilizobaki kabla ya Novemba kwisha, na Sarah, nilikuwa nimechoka. Sisemi hilo kujitetea. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilichoka nikaona neno moja zaidi au moja pungufu ni sawa tu.

Nilifuta yote. Nikaandika kwamba mama yake Mweri alimtupa alipokuwa na miezi miwili na hajaonekana tena. Aliyekimbia ni baba yake, hilo Junda nzima inalijua, lakini Kefa alisema baba kukimbia hakushtui mtu.

Kisha ikabaki picha. Nilikificha kile kiti chako cha magurudumu nyuma ya choo na kukifunika gunia. Nikamvua gauni la njano nikamvika fulana iliyochanika ya mjukuu wa Mwanatatu. Nikamlaza chini uwanjani, kwenye mchanga, pembeni ya ndoo. Yeye alifikiri namwogesha, akawa anacheka, unajua anavyocheka na mwili mzima. Kefa alisubiri na simu yake mkononi. Kicheko hakikwisha. Basi nikafanya jambo ambalo mimi peke yangu nilijua litamnyamazisha: nilikwenda nikajificha nyuma ya mlango asinione. Alinitafuta kwa macho huku na huku. Alipolia, Kefa akapiga picha.

Picha hiyo wanaipenda sana. Lavender ameniambia wataitoa kubwa, na wataiweka kwenye mtandao wao baada ya sherehe. Maana kuna sherehe. Wanakuja wenyewe tarehe 20 Novemba na mpiga picha wao, kutukabidhi, na wanataka Mweri awe mbele. Nawe tiketi yako ya kuja likizo ni ya tarehe 18.

Tumekaa Jumapili baada ya ibada kulizungumza, sisi viongozi watatu. Roseline alisema nikuombe usogeze likizo mpaka Krismasi, na kama haiwezekani basi siku ile moja tu ukae kwa mama Kaloleni, au ukiwapo ujulikane kama shangazi yake Mweri. Alisema ni saa tatu tu za kuvumilia, na watoto kumi na wanne wana paa kwa miaka miwili. Hakusema kwa ubaya. Naye ana mwanawe Dancun mle ndani, wa miaka kumi na mmoja, na hawezi kumbeba tena. Mwanatatu alikuwa anakunja pembe ya leso yake tu. Mimi nilisema sawa, nitamwandikia mdogo wangu, yeye ni mwelewa na hajawahi kunikatalia.

Na kweli hujawahi. Nilikulea tangu baba alipofariki, na kila nilichokuambia fanya ulifanya. Niliposema nenda, mtoto nitabaki naye mimi, ulikwenda. Kwa hiyo nilikaa kuandika barua hii nikiwa na uhakika, na tangu ukurasa wa kwanza natafuta mahali pa kulitia lile ombi. Nimelizunguka kila upande. Nimefika hapa na sijaliandika, na sasa naona sitaliandika.

Miaka minne unaosha sakafu za watu ili mtoto wako avae vizuri, na mimi nimeuambia ulimwengu kwamba ulimtupa. Nisamehe, Sarah. Sioni namna nyingine ya kulisema. Umenituma nimlinde, nikamfanya kitu cha kuombea.

Asubuhi ya leo kabla sijaanza kuandika nilikwenda saiba. Nilimwandikia Lavender ukweli wote, jina lako, kazi yako, kiti, fulana, mlango niliojificha nyuma yake. Nimemwambia picha ile asiiweke popote. Kefa alinisihi nisiitume. Alisema mama, mtakosa hadi magodoro. Nikamwomba aniachie mashine peke yangu, akatoka nje, nikatuma. Mpaka sasa hawajanijibu. Roseline sijamwambia, nitamwambia kesho, na najua hatanisemesha, na huenda watoto wale kumi na wanne wakarudi kila mmoja kwenye godoro la kwao na mama zao wakabaki ndani kuwatazama. Nalijua hilo. Mzee Kahindi hatasogeza tarehe. Na fomu nyingine sijui kama nina nguvu ya kuijaza.

Lakini wewe usibadilishe tiketi. Njoo tarehe 18 kama ulivyopanga. Kama watakuja tarehe 20 nitamketisha Mweri kwenye kiti chake, akiwa na gauni, na wewe utakaa pembeni yake mstari wa mbele, na akiuliza mtu huyu ni nani, nitasimama mimi katibu niseme huyu ni mama yake. Wasipokuja, tutakaa hivyo hivyo sisi wenyewe.

Mpe Rispa salamu zangu akikufikishia hii, na umshukuru kwa kuibeba bila kuuliza ndani mna nini. Kula vizuri, usibebe ndoo mbili kwa pamoja. Mama anasema anakuombea kila alfajiri kwa jina. Ukishaisoma hii, Ijumaa piga saa zile zile, simu nitamwekea Mweri sikioni na mimi nitatoka nje, kwa kuwa sitaweza kukusikia kabla sijajua umeipokea vipi barua hii. Usinisamehe haraka kwa sababu mimi ni mkubwa wako. Ukiwa na hasira, kaa nayo, uje nayo, unisemee hapa kwangu huku umembeba mwanao.

Ni mimi dada yako niliyekukosea,

Kahaso