Gari la Kupandia Rombo

Rahaleo, Mtwara
Mwanzoni mwa Desemba

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo yangu uipokee ukiwa umekaa peke yako. Mama anaendeleaje na mguu wake? Migomba imepata mvua? Ninaandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu kila ukiipokea unaiweka sauti ya juu, na wazee wote uliokaa nao kwenye pombe ya mbege wanasikia habari zangu kabla wewe hujazielewa. Haya ya leo ni yako na Mama tu. Barua nimempa mwalimu mwenzangu anayekuja Moshi, pamoja na korosho za Mama.

Wajukuu zako, Deo na Digna, wametimiza miezi minane. Deo anakaa bila kuegemezwa na anamvuta kila mtu nywele. Digna bado hajakaa, na sababu yake ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Likizo yangu ya uzazi ilipokwisha nilirudi kazini. Unajua shule yangu iko nje ya mji, njia ya kwenda Mahurunga. Mkuu wa shule ni mtu mwema, aliniruhusu niwe natoka mchana kwenda kunyonyesha kisha nirudi. Lakini kwa usafiri wa huku, ukitoka mchana umetoka, hurudi tena siku hiyo. Mtoto mmoja ningemfunga mgongoni niende naye shuleni, wenzangu wanafanya hivyo. Mapacha unawabebaje, mmoja mgongoni na mwingine kichwani? Ndipo mimi na mume wangu tukakubaliana kununua gari, tena dogo, lisilokula mafuta.

Nililipata mwenyewe. Nesi mmoja wa Ufukoni alikuwa amehamishwa, akawa anauza kigari chake cha pistoni tatu. Fundi aliingia uvunguni, akatoka akisema hakina ugonjwa. Niliwalaza watoto kiti cha nyuma, kila mmoja kwenye kikapu chake, wakaenea na nafasi ikabaki. Nikaendesha hadi shuleni na kurudi, na mshale wa mafuta haukutikisika. Baba, nililia kwa furaha nimeshika usukani, mtu mzima mimi. Nikamwomba yule nesi anisubiri hadi Jumamosi.

Ijumaa Prosper akakupigia simu kukuomba baraka. Simlaumu kwa hilo. Hana wazazi, na tangu siku ya mahari wewe ndiye baba yake, hanunui hata kuku bila kukuuliza. Nilikuwa nimekaa pembeni yake namnyonyesha Digna, na kwa jinsi unavyopaza sauti, sikuhitaji simu kukusikia.

"Mkwe wangu," ulimwambia, "usinipandishie mlima kigari cha kubebea mayai. Krismasi ya mwaka jana mkwe wa jirani alipaki gari lake hapa, watu wakasimama kulitazama mpaka misa ikawapita. Na mimi nipe siku moja ya kuonekana."

Hukuuliza wajukuu wananyonyaje. Nilisubiri uulize, ukamuaga.

Nesi aliuza kigari chake kwa mtu mwingine. Prosper alikwenda Dar es Salaam, akarudi na gari kubwa jeusi, la silinda sita, vioo vya giza, refu mpaka napanda kwa kujivuta. Ni zuri, sikatai. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siku ya kwanza nililiendesha hadi shuleni na kurudi kunyonyesha, na safari hiyo moja ilimeza mafuta ambayo kile kidogo kingeyatumia wiki nzima. Prosper alitazama mshale. Kesho yake akanunua turubai. Akasema tulitunze, litatupeleka Rombo Krismasi.

Likalala uani. Jirani yetu Bi Somoe, mama wa Kimakonde mwenye mashamba ya mihogo na mikorosho, alikuja kunisalimia, akalizunguka kama anayekagua ng'ombe. "Mwalimu," akasema, "gari hiyo mnaifuga?" Tukacheka wote wawili. Alipoondoka niliingia ndani, nikakaa kitandani na uchungu wangu.

Maziwa hayasubiri Krismasi, Baba. Yalikuwa yanajaa nikiwa darasani, yanalowesha gauni mbele ya watoto wa watu, na mimi nakwenda kuyakamua chooni na kuyamwaga huku wenyewe wanalia njaa nyumbani. Baadaye yakawa yanakuja kidogo. Kisha yakakata. Bi Somoe alinipikia uji wa karanga na kunikanda kifua kwa maji ya moto, lakini hayakurudi.

Deo alikubali chupa, yeye anakula chochote. Digna aliikataa, na alipoikubali ikamharisha. Asubuhi moja nilimkuta macho yamedidimia, nikimfinya ngozi inabaki imekunjamana. Prosper alikuwa zamu bandarini. Nililivua gari turubai, nikazungusha ufunguo. Kimya. Betri ilikuwa imekufa kwa kukaa tu. Tukaenda hospitali kwa bajaji, Bi Somoe amempakata Deo, mimi nimemkumbatia Digna na kumwita jina lake njia nzima ili asinifumbie macho. Akawekewa dripu. Wodini nesi aliniuliza kwa nini nimewaachisha ziwa mapema hivyo, wakati ni mapacha. Ningemweleza nini? Kwamba babu yao huko mlimani anataka kuonekana?

Amepona, tunamshukuru Mungu. Lakini amebaki mwepesi, ukimbeba pamoja na mwenzake huwezi kuamini walizaliwa siku moja.

Prosper alilia pale wodini. Nilimwambia auze gari tutafute dogo, akakubali bila ubishi. Tulipofika nyumbani akaanza kukuna kichwa. "Tuliuze Januari, Flora," akasema. "Baba ameshawaambia watu." Nilimtazama nikaona kweli anakuogopa kuliko anavyoniogopa mimi.

Sasa nikuambie wazi, maana hunioni usoni. Nimekukasirikia. Yeye nimemkasirikia pia, lakini yeye nalala naye chumba kimoja, nitampa yake kidogo kidogo. Wewe uko mbali na yako nakupa yote leo. Wewe ndiye uliyetusomesha kwa kahawa ya shamba moja tu la kihamba, ukivaa koti lile lile kanisani miaka nenda rudi, watu wakikucheka na wewe ukitujibu kwamba mtu hujikuna anapofikia. Nilimheshimu sana yule mzee wa koti. Huyu anayetaka magari getini simjui, na naona aibu kusema hivyo kwa baba yangu mzazi.

Nisalimie Mama, mwambie asikanyage baridi ya asubuhi bila soksi, na asilie akisomewa haya, mtoto amepona. Nisalimie kaka Evarist na mke wake, na shangazi mkubwa anayeniombea novena. Bibi mwambie picha ya wajukuu nitamletea kwa mkono wangu. Digna akipata nguvu nitakuja nao kwa basi, siku isiyo na sikukuu yoyote, na nitashukuru kama hamtachinja kitu.

Umeniandikia ujumbe kuuliza tutafika tarehe ngapi ili utayarishe nafasi ya kupaki. Itayarishe. Prosper ameshanunua betri mpya, na jana alikuwa anafuta vioo kwa fulana za watoto. Atapanda mlima peke yake, kwa sababu mimi na wanangu tunabaki Rahaleo. Gari litakuwa hapo getini asubuhi ya Krismasi, na watu watasimama kama ulivyotaka. Wakikuuliza mapacha wako wapi, Baba, waambie ukweli: hili halikununuliwa kwa ajili yao.

Binti yako ambaye bado anakupenda na ambaye leo inamwia vigumu kulisema hilo,

Flora