Mimi Ndiye Kasino

Jumatatu, 2 Juni
Nimekamua, nimeuza maziwa, nimerudi. Mume wangu Masanja bado anaongelea ruleti, ile kamari ya gurudumu la kasino. Rafiki yake wa Mwanza mjini kampa mbinu: weka kwenye nyekundu, ukiliwa weka mara mbili, ukiliwa tena ongeza mara mbili. Nyekundu ikija, umerudisha vyote na faida juu. Eti haishindwi. Mtaji? Yule ng'ombe mtamba aliyekuja kwa mahari ya binti yetu Kabula. Ndiye tunayemtoa kwa mahari ya Shija, kaka yake Kabula, wiki hii hii. Nimekataa. Kanuna.

Jumanne, 3 Juni
Nimemwambia ajaribu kwanza nyumbani. Tumepindua baiskeli uani. Tairi tumelichora vipande vya chaki nyekundu. Vipande vyeusi tumeviacha na rangi ya tairi lenyewe. Sifuri moja ya kijani, ikija kasino inakula. Pesa ni maharage. Mimi ndiye kasino.
Kashinda. Kashinda tena. Kufika saa kumi bakuli lake limejaa, anaimba. Nimeogopa kweli.

Jumatano, 4 Juni
Kataka kuendelea ili nikubali yaishe. Nyeusi. Nyeusi. Sifuri. Nyeusi, nyeusi. Kila akiliwa anadabo, mpaka bakuli likawa tupu. Akataka mkopo.
"Kasino haikopeshi, baba Kabula."
"Mama Kabula, inayofuata ni nyekundu, nakuapia!"
Nikamzungushia bure, aone tu. Nyeusi.
Nimecheka mpaka machozi. Yeye kaingia ndani. Pengine nimecheka kupita kiasi.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeamka, Masanja hayupo. Mtamba hayupo. Leo ni mnada wa ng'ombe Magu.
Sijala. Simu yake kaiacha kitandani. Shija kauliza baba yuko wapi, nikasema sijui, na ni kweli. Nina hasira.

Baadaye. Wamerudi wote wawili. Mtamba ananuka dawa ya kupe. Kampeleka kuogeshwa joshoni, eti asitutie aibu ukweni. Matusi yote niliyompa moyoni nimeyameza na uji. Nampenda huyu mzee.

Jumamosi, 7 Juni
Masanja kashika kamba mwenyewe mpaka ukweni. Wakwe wamemzunguka mtamba, wamemkagua meno na kwato, wamemsifu. Wamempokea.
Jioni nimefagia zizi. Limepwaya kidogo. Shija anapiga mluzi nyuma ya nyumba, hajui kama namsikia.