Tuni ya Malishoni

Jumatatu, 3 Juni 1912

Nimeosha masufuria yote peke yangu. Marita amekwepa tena. Yuko ukingoni mwa maji anavumisha sauti, mdomo umefungwa. Bibi hamgombezi. Bibi ni mke wa mchungaji wetu, na anasema mwenye kipaji aachwe. Mimi sina. Nasugua.

Tuko kando ya ziwa Duluti, kwenye kibanda cha mbao cha mlowezi aliyerudi Ulaya. Wasichana wanne wa shule ya misheni na Bibi. Juma zima hakuna darasa, hakuna jembe. Tunatengeneza vitu vizuri tu kwa ajili ya Jumapili, siku ya kubariki kengele mpya ya kanisa. Wawili wanadarizi kitambaa cha altare. Mimi natunga maneno ya wimbo kwa Kiswahili, kisha nayafasiri kwa Kijerumani ili Bibi ayapime. Marita anatafuta tuni. Bibi hataki tuni za Ulaya safari hii. "Nataka ya kwenu. Lakini isiwe ya ngoma za kipagani."

Ya kwetu ipi isiyo na ngoma? Sikumwuliza.

Mama ametuma salamu. Kaka yangu Loshiro atakuja Jumapili. Nimefurahi mpaka naogopa.

Jumanne, 4 Juni

Marita ameipata tuni. Ametuimbia jioni, wali ukiwa bado motoni. Nilisikia nusu mstari tu, nikaitambua.

Ni ile. Ile waliyomwimbia kaka.

Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna asomaye Kiswahili. Kwetu Waarusha kijana akitahiriwa hapepesi hata jicho. Loshiro alishtuka. Bega tu, kidogo. Siku hiyohiyo ng'ombe wetu walicharazwa fimbo kwa aibu hiyo mpaka wakatawanyika, na vijana wakatunga wimbo: Loshiro, kisu kimekusalimu tu, mbona umekimbilia kwa mama? Tangu hapo anaishi na mbuzi wa mjomba huko Oldonyo Sambu. Hashuki sokoni. Haji arusini. Jumapili itakuwa mara yake ya kwanza kukaa kati ya watu.

Marita ni Mmeru, Kimaasai chetu hakijui. Aliisikia kwa wachunga ng'ombe mtoni Themi, akaipenda. Basi. Na ndani yake ametia maneno yangu: Bwana wangu hakunikimbia.

Hakunikimbia! Nimeyatunga mimi kwa mkono wangu.

Bibi alipiga makofi. Ameiandika kwa noti. Akasema Marita ataimba peke yake, sisi tutamwitikia. Wote wakanitazama mimi, mwenye maneno. Nikasema, "Nzuri."

Mwoga kama nini.

Jumatano, 5 Juni

Nilikwenda kumwambia Bibi. Nikafika mlangoni. Nikamwuliza kama anataka kuni.

Nikisema ni wimbo wa jando, Marita ameponzeka. Mwaka jana msichana mmoja alionekana ngomani, akakalishwa benchi la nyuma mpaka Pasaka. Nikinyamaza, Loshiro atakaa kanisani kati ya wazee wa kwetu, na wote wataijua tuni kabla ya neno la pili.

Ukungu mchana kutwa. Ng'ambo ya ziwa haionekani.

Alhamisi, 6 Juni

Leo jua limetoka. Bibi akatutoa kuimba nje, eti maji yanapendezesha sauti. Marita akaanza. Kweli anaimba. Hata nikiichukia tuni ile, nywele zinanisimama.

Alipopumua, ng'ambo wakaitikia. Wachunga ng'ombe, watatu au wanne, wamekuja kunywesha. Wakaimba yale maneno ya zamani, na maji yakaleta kila neno. Kisu. Mama. Loshiro, Loshiro. Halafu vicheko.

Bibi alifurahi mpaka akashika kofia. "Mnasikia? Wanaipenda!" Akanigeukia. "Wanasema nini?"

Nikamjibu kwa Kijerumani: wanawaita ng'ombe wao.

Uongo wangu wa kwanza kwa lugha ile, na sikukosea sarufi.

Lakini Marita alikuwa ananitazama. Jina la kaka yangu analijua. Akaendelea na ubeti wa pili, sauti imara.

Imara! Nilimchukia.

Ijumaa, 7 Juni

Tumegombana. Tulikwenda kuokota kuni, nikamweleza yote. Maneno yalitoka vibaya, nililia kabla hayajaisha.

Akasema, "Wewe Nasieku, siku tatu unaniachia niimbe kama kasuku?"

Nikasema niliogopa.

"Unaogopa hata kivuli chako. Sasa unataka nifanyeje?"

Nikasema aiache.

"Niiache? Bibi ameshaiandika. Atauliza kwa nini. Nimwambie nini, wewe? Nimwambie nimeleta jando kanisani?" Akatupa kuni chini. "Kwetu tuko wasichana saba. Hakuna aliyewahi kunyamaza ili anisikilize mimi. Hapa ndiyo mara ya kwanza. Na tuni haina jina la mtu. Nyie ndio mliolitia."

Nikaokota kuni alizotupa. Ni kweli, na kaka atakuja hata hivyo.

Nikamwambia nitasema mimi kwa Bibi, nichukue lawama zote. Akasonya. "Wewe? Utamwuliza kama anataka kuni."

Alijuaje?

Jumamosi, 8 Juni

Tumerudi misheni kwa miguu. Marita mbele, mimi nyuma kabisa. Nimemwomba mara moja tu, penye daraja. Kaka ninaye mmoja tu, nikamwambia. Hakugeuka.

Nimetuma neno kwa Mama, Loshiro asije. Limechelewa. Wameshatoka.

Jumapili, 9 Juni

Kanisa lilijaa hadi nje. Wazee wa kwetu walikaa upande wa kushoto na mashuka yao. Loshiro alisimama karibu na mlango, bega limeegemea ukuta. Amekonda. Mmoja wa wazee alimtazama, akamnong'oneza mwenziwe.

Kengele ikabarikiwa. Ikapigwa. Watoto wakalia.

Kisha Bibi akainua mkono. Marita akatoka mbele. Akatazama mlangoni moja kwa moja, akamwona. Mimi na kaka tunafanana, yeyote angemjua.

Akafungua mdomo, ikatoka tuni ya Kijerumani. Ile ya kila Jumapili, ya mazishi na ubatizo, ile wanayoijua hata kuku wa misheni. Maneno yangu hayakuenea. Alivuta huku, akameza kule, "hakunikimbia" ikakatika katikati. Sisi tulichelewa kuitikia. Mtu nyuma alikohoa.

Bibi alikuwa mwekundu. Baadaye akamwambia mbele yetu sote, "Nilidhani una kitu, Marita. Nilikosea." Krismasi ataimba mwingine.

Marita akasema, "Ndiyo, Bibi. Nilisahau."

Nilimfuata nje nimshukuru. "Usinishukuru," akasema. "Bado nina hasira na wewe."

Jumatatu, 10 Juni

Baridi. Mlima Meru umejifunika.

Kaka alilala kwa mzee wa kanisa, asubuhi akaja kuniaga. Marita alikuwa anachambua maharage pembeni yangu, hatuzungumzi. Loshiro akasema kwa Kimaasai kwamba alitembea njia yote ile kutoka Oldonyo Sambu aje kusikia wimbo wetu, na wimbo wenyewe umepooza kama uji wa jana. Mbuzi wake wanaimba vizuri zaidi.

Marita akauliza, "Anasemaje?"

Nikamfasiria neno kwa neno.

Akamkazia macho kaka yangu, ungo mapajani, nikadhani atautupa. "Mwambie mbuzi wake waje Krismasi. Nafasi ipo."

Nikamwambia. Alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona meno.

Kisha akachuchumaa, akavuta maharage kidogo upande wake, akaanza kuchambua. Anachambua vibaya, anaacha mawe. Marita anayaokota nyuma yake.