Kitu cha Kudumu

Newala, Machi

Kwako Mama mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na magoti yako yawe yamepunguza ukorofi. Wasalimie kaka Lukmani na mkewe na wajukuu zako wote wa huko Tunduru. Sisi huku tu wazima wa mwili, Alhamdulillahi. Mvua inanyesha vizuri, mihogo imeshika, na yule kuku wako mwekundu bado anataga ndani ya kapu la nguo kama ulivyomdekeza. Nimeona niandike badala ya kumpigia Lukmani simu halafu yeye akupigie kelele sikioni. Masikio yako yamechoka lakini macho bado unayo, na kisomo chako hukukipata bure. Habari hizi nilitaka uzisome mwenyewe, kutoka mkononi mwangu, bila mtu wa katikati. Lukmani anazijua. Nilimwapisha asiseme, kwa hiyo usimkasirikie.

Nianze na bustani, maana najua ndizo unazoziota. Tangu uondoke, kina mama hatukulala. Kila Jumamosi tunateremka bondeni kama ulivyotuzoesha, kila mmoja na jembe lake, hatulipwi na mtu, tunalima matuta yetu kuuzunguka msitu wa Namalembo ili asipatikane wa kupenya na shoka. Chemchemi bado inatoa maji. Kiangazi kilichopita, wenzetu wa vijiji vya juu walipokuwa wanangoja boza la maji, sisi tulikuwa tunachota na kufua. Kiongozi wetu sasa ni Veridiana, mama yake Edmund. Anatugombeza kama wewe, ila yeye akimaliza kugombeza anaimba kwaya, na hapo ndipo tunapoteseka zaidi.

Na ile sheria yako tuliishika. Ulituambia kwamba kwetu sisi mti ndio hati: mtu akipanda mkorosho amejimilikisha, akishajimilikisha ataongeza wa pili, na wa tatu atauweka ndani ya msitu. Kwa hiyo mchicha, bamia, kunde, basi. Vitu vya msimu, asiwepo wa kusema hapa ni pangu. Yasmini alipojaribu mpapai mmoja tu pembeni ya bamia zake, tulimng'olesha mpaka akalia.

Mama, sheria hiyo nusura itumalize. Mwezi wa kumi na mbili alikuja Faruku, yule mfanyabiashara wa Masasi ambaye baba yake ni mtu wa hapa. Alikuja na vibarua na pikapu ya miche ya mikorosho, akapanda upande wote wa mashariki, pamoja na kipande chako wewe. Matuta yalikuwa matupu, yanangoja mvua. Tulipomfuata akasema amekuta pori. Tukampeleka barazani, na pale mbele ya watu akatuuliza, tena kwa adabu kabisa, kama hapa ni penu, mti wenu uko wapi? Hata wazee wanaotupenda waliinamisha vichwa, kwa sababu magomvi ya ardhi ndivyo wanavyoyaamua tangu zamani: wanatazama mti, au wanatazama kaburi. Veridiana akasimama akasema mti wetu ni msitu mzima. Watu walicheka. Sikuwalaumu, mchicha haujawahi kushinda kesi. Mwenyekiti akasema tutakutana tena mwezi unaofuata, na mwenye kitu cha kudumu pale aje akioneshe.

Nilirudi na tumbo langu kubwa nikilia njia nzima. Sikuzililia bamia. Nilikuwa naiona ile mikorosho ikikua, majani yakichomwa chini yake kila kiangazi kama kawaida yetu, moto ukiruka hadi msituni, na ile chemchemi uliyokuwa ukiniogeshea utotoni ikibaki tope. Nilifikiri pia juu yako, kwamba ulituachia kitu kimoja tu cha kulinda na sisi tumekipoteza kwa utiifu.

Sasa upate habari njema. Faruku ameacha. Ameng'oa miche yake yote kwa mikono ya vibarua wale wale, akaja mwenyewe nyumbani na sukari na unga, akakaa mkekani na kusema maneno ya kistaarabu. Si mtu mbaya kama nilivyodhani. Wazee wametamka kwamba upande ule ni wetu na hautaguswa. Siku hiyo Veridiana alikuwa ameshafungua mdomo apige kigelegele, akakumbuka, akajiziba na kanga. Wenzake wote wakajiziba. Walishinda, Mama, na wakarudi nyumbani kimya kama watu waliofukuzwa.

Najua hapo umeshusha barua magotini. Iinue, nimalize.

Ulimuuliza Lukmani kama nimeshajifungua, na ukatuma kanga ya kumbebea mtoto. Nilijifungua. Mtoto wa kike, kabla ya wakati wake. Tulimpa jina lako. Alikuwa na hicho kidevu chako cha ubishi, na vidole virefu ambavyo hatujui kavitoa wapi. Wauguzi walihangaika naye sana, sina neno nao. Hata wiki hakumaliza. Somo yako amekufa, Mama. Miaka yote ile ya kungoja, dawa za huku na dua za kule, na amekufa. Naliandika neno hilo ili nizoee kuliona.

Mkweo Abdulrazaki alitaka tumzike kwenye makaburi ya msikitini, alipolala baba yake. Nilikataa. Nilikuwa nimelala, maziwa yananitoka na hakuna wa kuyanyonya, nikasema azikwe Namalembo, kwenye bustani ya bibi yake, upande wa mashariki. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia pale pana kivuli, na ndipo nilipokuwa napumzika mimba ikinielemea. Alimbeba mikononi mwake, amefunikwa kanga yako, akateremka naye bonde lote. Mimi nilibaki ndani na wanawake.

Nililomwambia ni kweli. Kivuli kipo. Lakini kabla sijawaza kivuli, Mama, niliwaza baraza. Mwanangu alikuwa hajapoa bado, na neno la kwanza lililonijia ni kaburi. Nilijua wazee watatazama nini. Nilijua Faruku, naye ni mtoto wa mtu, hatathubutu kupanda mkorosho kando ya maiti mchanga. Yote yamekuwa kama nilivyojua. Abdulrazaki anawaambia watu kwamba binti yetu ameuokoa msitu, na akisema hivyo anapata nguvu ya kula, basi namwacha aseme. Anadhani ni Mungu aliyepanga. Hajui kwamba nilipanga mimi. Nimekwambia wewe peke yako, na sitamwambia mwingine.

Usiniandikie kwamba nilifanya vyema. Wala usiniandikie kwamba nilifanya vibaya. Tangu siku ile sijateremka. Jumamosi ikifika nasingizia mgongo, na wenzangu wananihurumia, na huruma yao inanichoma. Wanasema kunde za kipande chako zimeota zenyewe, mbegu za mwaka jana, zimetambaa mpaka ukingoni mwa kaburi, na hakuna anayethubutu kuchuma hata jani. Mvua ikipungua, njoo. Unishike mkono tuteremke wote, uzichume wewe, somo yake.

Mkweo anakusalimu sana. Veridiana na Yasmini nao wanakuamkia. Barua hii nitaipeleka mwenyewe Masasi nimpe Jumanne, konda wa basi la Tunduru, maana ndiye unayemwamini. Kula vizuri, na dawa zako usizifiche chini ya mto, Lukmani ameniambia.

Nisamehe, Mama. Ulituambia tusipande kitu cha kudumu.

Ni mimi mwanao,
Stamili