Kidole cha Ampaya

Ijumaa, 9 Januari 2026

Leo hapa Ibra tumewafunga vijana wa mji wa Sinaw. "Tumewafunga" nasema humu daftarini tu, maana mimi ni ampaya, mwamuzi wa kriketi, na ampaya hana timu.

Mchezo wenyewe aibu tupu. Wale vijana wa Sinaw hawapigi mpira, wanafukuza nzi. Kila mpira lazima upigwe juu — mpira wa chini umewakosea nini? Ndiyo kriketi ya siku hizi. Mtu anakuja, anafumba macho, anavurumisha gongo. Akibahatika, mpira unapita yale matairi mabovu tuliyoyapanga kuwa mpaka. Akikosa, anarudi kivulini kunywa chai ya maziwa, na wenzake wanampigia makofi. Kwa lipi? Marehemu baba, pale Mnazi Mmoja, Unguja, alikuwa akimpima mpigaji kwa mipira anayoiacha ipite. Hawa wangeacha hata mmoja ningewachinjia mbuzi.

Na warushaji! Akimtoa mtu mmoja anakimbia uwanja mzima mikono kaitandaza. Unakwenda wapi, bwana? Ova moja ina mipira sita, rudi ukarushe iliyobaki. Mimi kokwa zangu sita za tende ziko mfukoni mwa kanzu. Kila mpira nahamisha moja, mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Sijakosea hesabu tangu 1988. Siku hizi maampaya wananunua vimashine vya kubofya. Mtu mzima na ndevu zake hawezi kuhesabu mpaka sita.

Kuna mmoja kaniita "refa". Refa ni wa futboli, anakimbia na filimbi mdomoni.

Niseme haki lakini. Msimu huu kuna jambo moja linanifurahisha. Ashfaq, yule Mpakistani mchomaji vyuma wa Sanaiya, kule kwenye magereji, kipa wetu — leo zamu yake ya kupiga, mpira ukampapasa gongo kidogo tu, ukadakwa na kipa wao nyuma ya vijiti, na hapo mpigaji katoka. Kabla sijafanya lolote, keshaanza kuondoka. Hakungoja kidole changu. Sheria inampa ruhusa asimame mpaka ampaya anyanyue kidole kumtoa. Uungwana ndio unaomwambia: wewe mwenyewe unajua umegusa, nenda zako. Na si yeye tu. Msimu mzima wanafanya hivyo, wauza simu, madereva wa malori, wote. Wamejifunza kwangu. Wangejifunza kwa nani mwengine?

Jumamosi, 10 Januari

Nimeangalia mechi kwenye TV. Ampaya mzima, kasimama hapo hapo, mpira umepita mbele ya pua yake, halafu anachora sanduku hewani kwa vidole: turudishieni picha! Dakika nne watu wanatazama ukuta. Kama kazi ni ya picha, mpelekeni kamera uwanjani, mvalisheni kofia.

Nimewaeleza Ghalia na Wiam. Mke wangu anashona, hajali. Wiam, mjukuu wetu, anasoma chuo Nizwa, wikendi anakuja kutuandikia daftari la mechi. Huyu anajali, lakini Kiswahili chake kinanitia uchungu.

"Babu, TV yako kelele mingi sana. Wallahi, jirani yote hapana lala."

Nikamwambia TV za siku hizi zimetengenezwa kwa ajili ya panya, sauti haitoki. Ghalia akacheka bila kuinua macho. Akasema kaniita mara tatu nije kula. Labda kaninong'oneza. Watu wote wananong'ona sasa. Hata muadhini wa msikiti wetu ana sauti ya mtu aliyetoka homani. Ghalia anataka nikapimwe masikio hospitali. Nimekataa. Akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Methali anazo, mwanamke huyu, kazi ya kunishindilia tu.

Ijumaa, 23 Januari

Nusu fainali. Timu ya Dima wa Tayyin tumeitoa. Walimweka mtu karibu kabisa na mpigaji, hatua tatu, bila kofia ya chuma. Huko si ushujaa, ni kutojua thamani ya meno. Na pale pembeni ya kipa, mahali panapotaka mikono ya mfua dhahabu, wamemweka mjomba wao mwenye tumbo ili asikimbie! Mipira mitatu imempita. Mmoja umemgonga tumboni, akashukuru.

Ampaya mwenzangu kaletwa kutoka Nizwa: Qusai. Miaka kumi na moja namvumilia. Wazee wake walitokea Bujumbura, na Kiswahili chake ni hicho cha bara, nusu Kiingereza. Hilo nitamsamehe. Lisilosameheka ni kuuliza. Kila mara anatoka mahali pake, anavuka uwanja mpaka kwangu. Umeona wewe? Una hakika?

"Nakonfemu tu, mzee," ananiambia. "Siyo ishu."

Ni ishu! Ampaya anayeuliza kila kitu ni posta tu. Sheria inaruhusu kumwuliza mwenzio, najua, naijua kwa moyo. Sheria inaruhusu mengi. Mimi miaka thelathini na minane sijamwuliza mtu.

Upande wa pili Sur wamewatoa Nizwa. Fainali Ijumaa tarehe 13 Februari, hapa Ibra, kabla ya Ramadhani. Mimi na Qusai.

Jumamosi, 7 Februari

Niandike taratibu.

Wiam alikwenda kuoga, kaniachia simu yake. Kuna kundi la WhatsApp la timu za huku kwetu, yeye huwapelekea matokeo. Nikataka kuitafuta picha yangu ya nusu fainali, nimenyanyua mikono miwili. Nikawa napanda juu, napanda juu. Nikafika Oktoba.

Ujumbe wa Hisham. Hisham, mwenye duka la dawa, nahodha wetu, mtoto wa watu wa Pemba, anayeniita Ami na kunishikia mlango wa gari! Kaandika kwa Kiingereza ili wote wafahamu. Ati ndugu zangu, msimu huu kila atakayegusa mpira aondoke mwenyewe, asingoje. Ami Thani hasikii tena. Msimu uliopita katukosea mara nyingi. Tusimwambie, asije akavunjika moyo. Kiwanja hiki yeye ndiye aliyetupatia.

Chini yake vidole gumba. Ashfaq, kidole gumba. Sinaw, kidole gumba. Hata mjomba wa Dima mwenye tumbo!

Nimechukua madaftari yangu. Msimu uliopita walioondoka wenyewe: wanne. Msimu huu: thelathini na mmoja. Na mimi kila Ijumaa naandika humu "uungwana", "wamejifunza kwangu".

Bora wangenitukana.

Jumapili, 8 Februari

Sina la kuandika. Watu wote wajinga.

Jumatatu, 9 Februari

Nimemwambia Ghalia. Nilidhani atakasirika pamoja na mimi. Akaweka sindano chini.

"Wamekusitiri, Bwana Thani."

Nikamwambia hiyo si sitara, huo ni uwongo wa watu arubaini. Akasema sitara ndivyo ilivyo: mtu hufunikwa aibu yake, haambiwi kafunikwa. Na kwamba yeye mwenyewe mwaka wa pili huu anapiga kelele ndani ya nyumba yake mpaka koo linamwuma, na hakumwambia hata dada yake.

Nikatoka nje nikamwagilia mndimu uliokwisha mwagiliwa.

Nimejijaribu. Nimekwenda ghalani nikatwaa gongo la zamani na mpira wa ngozi, nikaugongesha polepole kwenye ukingo wa gongo. Ngozi ikigusa mti hutoa mlio mdogo mkavu, mlio huo ndio kazi yangu yote. Mkono umesikia mgongano. Sikio halikupata kitu. Nikagonga tena. Na tena. Nimeogopa, sijaogopa hivi tangu nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na moja tulipotoka Unguja.

Jumatano, 11 Februari

Hisham kaja na halwa. Mtu akija na halwa siku ya Jumatano, jua kuna jambo.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba."

Akazunguka, akazunguka. Mwisho akatoa. Kamati ya mashindano inataka kunikirimu. Fainali niwe mgeni rasmi: hema, sofa, tende na kahawa, mimi ndiye nitoe kombe. Ampaya mwengine atatoka Sur.

Nikamwambia sofa ni la watu wasiojua sheria. Watakaa masheikh na wenye maduka, wataniuliza nani kafunga goli.

"Ami, wallahi, kwa heshima yako."

"Mmeniheshimu tangu Oktoba. Yatosha."

Akajua. Masikio yakamwiva mekundu. Kijana mzuri, sikatai, lakini mrushaji mbovu, anategea bega. Akasema kwa sauti ndogo, kisha akakumbuka, akarudia kwa sauti kubwa: Wasuri hawamo katika maafikiano. Nahodha wao, Marzouq, yule mwenye duka la nyavu na injini za boti, haondoki mpaka aone kidole. Hata akikata mpira vipande viwili.

"Haki yake," nikasema. "Sheria hiyo."

"Sasa, Ami, ikiwa..."

"Ikiwa nini?"

Akainuka, akaondoka. Halwa ameiacha. Ghalia anasema nzuri.

Nitasimama Ijumaa. Nikikosea mbele ya Sur na Ibra nzima, nitakabidhi kofia, sisimami tena maisha yangu. Nikikaa kwenye sofa ndiyo nimekwisha kukabidhi.

Ijumaa, 13 Februari. Uwanjani, saa tatu na dakika kumi asubuhi

Naandika chini ya turubali, daftari gotini. Wanadhani nasoma sheria. Acha wadhani.

Ibra mbio mia na ishirini na nane. Wapigaji wetu wamecheza kama waliolipwa na Sur, lakini hayo baadaye. Sur wanataka mbio kumi na tisa tu, na mwenye kuwafikisha ni Marzouq peke yake. Waliobaki nyuma yake hawajui gongo linashikwa upande gani. Akitoka, kombe letu. Akibaki, lao.

Hisham karusha. Mpira mzuri, wa kwanza mzuri tangu alfajiri. Ukapita kwenye ukingo wa gongo la Marzouq, ukaingia mikononi mwa Ashfaq. Wote kumi na mmoja wakanigeukia mikono juu. Ukelele wao nimeusikia, hata waliolala makaburini wameusikia. Ule mlio mdogo kabla yake — hapana. Kimya. Jicho nalo haliwezi kuapa.

Marzouq hakutikisika. Akanitazama tu.

Sheria inasema ampaya akiwa na shaka, mpigaji habebi lawama, anabaki. Rahisi. Lakini shaka hii si ya mpira! Ni ya sikio langu. Nikisema anabaki, namlipisha Hisham kwa uzee wangu. Nikinyanyua kidole, nanyanyua kwa sababu Ashfaq kapiga kelele. Ashfaq si mwongo, hilo naapa. Lakini hicho kingekuwa kidole cha Ashfaq.

Nikafanya nini? Nikasema, "Maji."

Maji! Watu wanadai mtu katoka, ampaya anatangaza mapumziko ya maji! Hakuna sheria hiyo Ibra, Unguja, wala duniani. Angeifanya Qusai ningemwandika kurasa kumi.

Na hakuna aliyepinga. Hapo ndipo panaponiuma. Wanaume wazima wanaojua kabisa kwamba nimefanya upuuzi, wote wakaenda kwenye ndoo wakanywa maji wasiyokuwa na kiu nayo. Wasuri pia! Hisham anamimina vikombe huku kainamisha kichwa. Mgeni rasmi waliyemweka kwenye sofa badala yangu anatafuna tende, anauliza kama mechi imekwisha.

Marzouq hakwenda kunywa. Kasimama pale pale mbele ya vijiti vyake, gongo kwapani, ananingoja. Mwenye kiburi, anapiga kila kitu kwa mkono wa chini, miguu mizito. Lakini leo ni yeye tu anayenichukulia kuwa mimi ni ampaya. Anataka jibu.

Wiam yuko mezani na daftari la mechi. Kalamu kaiinua, kisanduku kitupu. Hanitazami, anaogopa nikimwona atalia.

Qusai naye hakunywa. Upepo unavuma kutoka kwenye vijiti kwenda kwake. Amesikia, au hakusikia, lakini anajua kwamba mimi sikusikia, naona anavyofuta miwani. Sasa anaivaa. Kageuka huku. Kaanza kutembea, polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekwenda kuangalia nyasi, ili ainame hapa anipenyezee neno na watu wasijue.

Asije! Nitakwenda mimi kwake, katikati ya uwanja, nitamwuliza kwa sauti, wote wasikie kwamba nimeuliza.

Kalamu naiweka. Simama hapo hapo, Qusai — nakuja mimi.