Manyoya ya Rangi ya Moshi

Tarime mjini,
Jumapili jioni.

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini u mzima hapo Morotonga, na goti limepoa tangu mvua zipungue. Mimi sijambo, tena nina habari njema.

Najua ukiulizwa kanisani ninafanya kazi gani, unapata shida kueleza. Tunafunga uzi na manyoya kwenye ndoano mpaka zifanane na wadudu wa mtoni. Wavuvi wa milimani huko Kenya huzitumia kumdanganya trauti, samaki wa maji baridi ambaye hagusi mdudu asiyemfahamu.

Mwezi wa pili mteja wetu mkubwa alizirudisha zote, akasema samaki wanazipita tu. Bosi wetu, mama Editha, akatuambia sisi sita kwamba kosa likijirudia, anafunga karakana. Nikachukua kichujio cha chai, nikashinda mtoni siku tatu nikigeuza mawe na kunasa wadudu. Kumbe tulikuwa tunachanganya wadudu wawili. Mmoja hulaza mabawa kama paa la nyumba. Huyu anayetakiwa huyasimamisha, yamebanana kama viganja vya mtu anayesali, na rangi yake ni ya moshi.

Mabawa tuliyarekebisha, ila rangi ikatushinda, maana manyoya tuliyopaka yalichuja majini. Mama Editha akasema, “Mogesi, tusipopata jogoo wa rangi hiyo, tumekwisha.”

Mama, keti kwanza. Jogoo wako wa kijivu hakuliwa na mbwa wa jirani yako mama Bernadetha. Nilimchukua mimi siku ya kuondoka hapo nyumbani, baada ya Pasaka, nikapanda naye bodaboda akiwa kikapuni chini ya kanga. Manyoya ya shingo yake yametosha ndoano mia mbili, nyama tukaila na ugali. Juzi mteja alipiga simu kwamba trauti wanazimeza. Ameagiza za mwaka mzima, nami nimefanywa mwalimu wa wadudu kwa wenzangu.

Lakini nikikumbuka kwamba wewe na jirani yako hamsalimiani kwa sababu yangu, silali vizuri. Jumamosi nakuja na majogoo wawili, mmoja wako, mmoja wake. Nitamwomba radhi mwenyewe, ila utanisindikiza mpaka mlangoni, kwa kuwa aliyemtukana mbwa ni wewe.

Nisalimie kaka Elia na wote wa nyumbani. Kama utanichapa, nakuomba iwe baada ya chai.

Ni mimi mwanao,
Mogesi