Kitabu Kilichokuja na Mashine

Brooklyn Center, Minnesota

Mdogo wangu Elisante,

Kabla hujaendelea kusoma, mpe Mama shikamoo yangu. Wewe sikuulizi hali, maana nikikuuliza kwa simu unanijibu "tupo", na mpaka leo sijaelewa kama maana yake ni wazima au ni kwamba hamjafa tu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kidole kimoja cha shemeji yako, Baba Joshua. Nitakieleza upya, kwa sababu kidole hicho na kuanguka kwa Mama ni ndugu wa baba mmoja, na baba huyo anaitwa Mimi Najua.

Majira haya ya baridi theluji imetukomoa. Baba Joshua alichoka kuchota kwa koleo, akanunua mashine ya kutupa theluji, kitu chenye injini na mdomo mpana mbele. Ndani ya boksi kulikuwa na kitabu cha maelekezo. Hakukigusa. Alimwita rafiki yake Papa Moïse, Mkongo wa Bukavu tunayesali naye, wakasimama gereji wakiikagua ile mashine kama watu waliokwenda mnadani kununua ng'ombe. Nikawatokea na kitabu mkononi, nikawaomba wasome kwanza.

"Bon, Mama Joshua," Papa Moïse akanicheka, "hii machine haina na siri. Kule Bukavu nilikuwa natengeneza groupe, jenereta ya umeme, bila papier hata moja."

"Umemsikia fundi," akasema Baba Joshua.

Juu ya mashine kulikuwa na kijiti kirefu cha plastiki chenye ncha bapa. Baba Joshua akakibandua, akaniletea jikoni amefurahi kama mtoto. "Mama Joshua, hawa watu wametupatia na mwiko." Sikutanii, mdogo wangu. Papa Moïse akakipimapima mkononi, akasema kitafaa kwa fufu, ugali wa kwao.

Haukupita muda theluji mbichi ikaziba mdomo wa mashine. Baba Joshua akazima injini, akaingiza mkono kuzibua. Visu vya ndani vilikuwa vimebanwa, na alipoitoa ile theluji vikajizungusha kidogo. Kidogo hicho kilitosha. Tulikwenda hospitali akashonwa, kidole kimebaki, kucha haipo. Tuliporudi nyumbani nilimfungulia kitabu ukurasa wa mwanzo kabisa. Kuna picha ya mkono uliopigwa mstari mwekundu, na kando yake picha ya ule mwiko wetu, ambao kazi yake ni kuzibulia mdomo huo na si nyingine. Hata asiyejua kusoma angeelewa.

"Sasa mbona hawakusema?" akaniuliza.

Mtu mwenye shahada ya uhasibu anailaumu picha kwa kunyamaza, utamwambia nini?

Na usidhani ni sisi tu. Hapo Roseville ninapofanya kazi ya uuguzi tuliletewa mashine mpya, kitabu chake kipo kwenye droo na nailoni yake haijachanwa. Ikilia, wauguzi wenzangu wanabonyeza kila kitufe mpaka inyamaze, halafu wanapongezana. Wagonjwa nao tunawapa karatasi ya jinsi ya kumeza dawa, wanaiacha kwenye kiti. Mwanadamu ukimpa kitu na maelezo yake, anachukua kitu.

Ulipopata habari za kidole ulicheka mpaka ukakohoa. Nyani haoni kundule. Sasa zamu yako.

Nilipomtumia Mama mashine ya kupimia presha, nilikaa nikakitafsiri kitabu chake kwa Kiswahili, kwa mwandiko wangu, ili asiwepo wa kusingizia Kizungu. Nikakuuliza karatasi zile zipo wapi, ukasema zimehifadhiwa vizuri. Kwenye picha uliyonitumia nimeziona, zimefunika jagi la maziwa. Kwenye picha hiyo hiyo Mama amesimama mlangoni anacheka, kikombe cha chai mkononi, na kitambaa cha mashine umemfunga juu ya sweta jekundu nililomnunulia mimi. Chini ukaandika kwamba presha ipo juu, kwa hiyo umemwongezea kidonge.

Umemwongezea. Udaktari uliusomea lini, Elisante?

Wiki ile ile Mama akashikwa na kizunguzungu, akaanguka mlangoni pa jiko. Shangazi akasema ni jicho baya la jirani. Jirani wa watu hana kosa. Mama alikuwa anameza vidonge viwili kwa ajili ya presha ya sweta. Nilikupigia nikakuambia umrudishe kwenye kidonge kimoja na umpeleke hospitali, na daktari alipompima mkono mtupu, ametulia, akaikuta sawa. Ukaniambia "sawa, dada". Juzi ukanitumia picha nyingine. Sweta lile lile, na maneno: "Imepanda tena, niongeze?"

Nawe ni mwalimu. Unawachapa watoto wa watu kwa kujibu swali ambalo hawakulisoma.

Nimekaa nikawaza nifanyeje. Kitabu hukisomi, simu unaiitikia tu ili ikatike. Lakini barua najua utaisomea nyumba nzima kwa sauti, kama tulivyozoea kwetu, na hakuna atakayenyanyuka kabla ya kusikia jina lake kwenye salamu. Basi maelekezo nimeyatia huko.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie chai yake ya tangawizi naikumbuka, ila Mama asipewe kabla ya kupimwa. Msalimie Baba Mdogo, anayekuja kila jioni na habari za siasa. Mwambie Mama anapopimwa haongei wala haongeleshwi, na serikali haitaanguka kwa sababu yeye kanyamaza kidogo. Msalimie Shangazi, amwekee Mama kiti chenye egemeo, akae dakika tano ametulia, miguu imekanyaga chini, mkono juu ya meza, na Shangazi sala yake aifanye kimoyomoyo. Watoto wako wabusu. Mkubwa mpe kazi ya kusoma zile karatasi za kwenye jagi, huenda kwake bado kuna matumaini.

Nawe, kama umeruka yote ukaja huku chini kutafuta jina lako, hili hapa. Kila siku huku napima presha za mama za watu. Nawakalisha, nawakunjia mikono ya blauzi taratibu, nawashika mkono, nasubiri watulie. Wengine hata jina langu hawajui. Wangu mimi yupo Usangi, milimani kwenye ukungu, nami siwezi kumkunjia hata mkono wa nguo. Inaniuma, Elisante, kuliko ninavyoweza kukuandikia. Kwa hiyo unapomaliza kusoma hapa, usiikunje barua kwanza.

Mvue Mama sweta.

Ni mimi dada yako, ambaye hata hivyo anakupenda,
Eliwaza